Kusawazisha si Kwenda Sanjari: Istilahi za Kuunganisha Kinasa Sauti cha Dijitali na Programu ya Muziki

Miaka michache iliyopita niliombwa kupitia mwongozo wa Kiswahili ulioandaliwa kwa ajili ya wanafunzi wa studio ya chuo kimoja. Mwongozo huo ulieleza namna ya kuunganisha kinasa sauti cha dijitali, kile cha mezani chenye vitufe na diski yake, na programu ya kupangia muziki iliyomo ndani ya kompyuta. Niliupitia kwa jicho la mwanaisimu: nikarekebisha upatanisho wa kisarufi, nikaondoa koma zilizozidi, nikaurudisha. Sentensi moja ilijirudia mara tatu katika kurasa mbili: “Sawazisha saa ya kinasa sauti na saa ya kompyuta.” Sikuona kasoro yoyote. Kilikuwa Kiswahili sanifu.

Mwanafunzi aliyeufuata mwongozo huo alifanya alichoambiwa. Alifungua menyu ya tarehe na saa kwenye kinasa sauti, akatazama saa iliyo pembeni mwa skrini ya kompyuta, akavipatia vyombo vyote viwili saa nne na dakika kumi asubuhi. Kisha mghani aliyesafiri kutoka pwani akaghani kwa dakika 40, huku akisikiliza kwenye hedifoni kinanda na ngoma zilizopangwa katika kompyuta. Sauti yake ilihifadhiwa kwenye kinasa sauti. Kinanda na ngoma vilibaki katika programu. Jioni, vyombo vilipochezwa pamoja, beti za mwanzo zilikaa mahali pake. Katikati ya kazi mtu alianza kuhisi kwamba kuna jambo haliko sawa. Mwishoni ngoma ilikuwa ikilia kabla ya silabi iliyopaswa kuangukia juu yake. Mghani alikuwa amekwisha kupanda basi.

Kosa halikuwa la mwanafunzi. Matini chanzi ya mwongozo ilikuwa imetaja mambo matatu tofauti, na tafsiri ikayafunga yote katika kitenzi kimoja na nomino moja. Makala haya yanafafanua mambo hayo matatu, yanachunguza vitenzi ambavyo Kiswahili kinavyo kwa ajili yake, na kupendekeza istilahi ambazo mfasiri anaweza kuzitumia bila kumpoteza msomaji wake.

Vyombo viwili vya asili tofauti

Kabla ya kuchagua neno, yafaa tujue kitu kinachotajwa. Kinasa sauti cha dijitali huhifadhi sauti yenyewe. Hupima mawimbi ya sauti mara maelfu kwa sekunde na kuandika kila kipimo kama namba. Kipimo kimoja huitwa sampuli. Sauti ya diski ya CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde. Kazi za filamu na televisheni kwa kawaida hupimwa mara 48,000. Vinasa sauti vya aina hii vilienea katika studio ndogo miaka ya 1990. ADAT ya kampuni ya Alesis ilirekodi njia 8 kwenye kanda ya video ya S-VHS, na mwaka 1996 Roland ilitoa VS-880, iliyorekodi kwenye diski kuu.

Programu ya kupangia muziki ni kitu kingine. Katika umbo lake la awali haikuhifadhi sauti hata kidogo, bali maagizo: noti ipi ipigwe, lini, kwa nguvu kiasi gani na iachwe lini. Maagizo hayo husafiri kwa lugha ya MIDI, iliyokubaliwa na watengenezaji wa ala mwaka 1983. Programu kama Cubase zilianza hivyo mwishoni mwa miaka ya 1980, na baadaye zikaongezewa uwezo wa kurekodi sauti.

Hivyo basi, chombo kimoja huhesabu sampuli na kingine huhesabu mapigo ya muziki. Mtu huviunganisha kwa sababu anataka sauti ya mwimbaji iliyo katika kimoja iende pamoja na ala zilizopangwa katika kingine. Ili hilo litokee, vyombo lazima vikubaliane juu ya maswali matatu, na kila swali lina jibu lake la kiufundi.

Swali la kwanza: Tufanye nini?

Mtu anapobonyeza kitufe cha kucheza kwenye kompyuta, angependa kinasa sauti nacho kianze. Kompyuta hutuma ujumbe kupitia kebo ya MIDI: anza, simama, rekodi, rudi mwanzo. Ujumbe huu ni amri, wala si zaidi ya amri. Ukishapokewa, kila chombo huendelea kivyake.

Katika studio niliyoitaja, sehemu hii ilifanya kazi vizuri. Kebo ilikuwa imechomekwa, amri ya kuanza ilifika, na vyombo vikaanza kwa pamoja. Ndiyo maana hakuna aliyeshuku lolote asubuhi ile. Wakimbiaji wawili wanaosikia filimbi moja huanza pamoja. Filimbi haiwahakikishii kumaliza pamoja.

Swali la pili: Tuko wapi?

Fundi akiruka hadi katikati ya wimbo, chombo cha pili kinahitaji kujua mahali pa kuungana na cha kwanza. Kazi hii hufanywa na msimbo wa muda. Muundo unaotumika zaidi uliwekwa na chama cha wahandisi wa filamu na televisheni cha Marekani kinachojulikana kwa kifupi kama SMPTE. Msimbo huu una tarakimu za makundi manne: saa, dakika, sekunde na fremu. Kwa mfano, 00:12:30:10 maana yake ni kwamba zimepita dakika 12, sekunde 30 na fremu 10 tangu hesabu ilipoanza. Televisheni za Afrika Mashariki, sawa na za Ulaya, zimefuata kawaida ya fremu 25 kwa sekunde, hivyo fremu moja ni milisekunde 40.

Msimbo huo unapopitishwa kwenye kebo ya MIDI hukatwa vipande vidogo. Zinahitajika jumbe 8 ili kukamilisha anwani moja, na jumbe hizo huchukua muda wa fremu mbili kupita. Msomaji atambue jambo hili: msimbo wa muda humwambia mfuasi yuko wapi, lakini humwambia kwa hatua. Kilichomo kati ya hatua na hatua haukitaji.

Ipo pia njia ya pili ya kuonyesha mahali, ambayo wafasiri wengi huichanganya na ya kwanza. MIDI hutuma mapigo 24 kwa kila noti ya robo. Mapigo haya hayajui dakika wala sekunde. Yanajua muziki tu. Tempo ikiwa noti za robo 120 kwa dakika, mapigo 48 hupita kila sekunde. Tempo ikipungua nusu, hupita 24. Msimbo wa muda hauathiriwi na tempo. Mapigo ya tempo huathiriwa. Mfasiri akiziita njia hizi zote mbili “saa ya MIDI”, msomaji hatajua achague ipi kwenye menyu.

Swali la tatu: Twende kwa mwendo gani?

Hapa ndipo kazi ya mghani wetu ilipoharibikia. Ndani ya kila chombo cha dijitali kuna kipande cha fuwele kinachotetemeka kwa mwendo maalumu, na mitetemo yake ndiyo inayoamua lini sampuli inayofuata ichukuliwe. Fuwele mbili, hata zikitoka kiwanda kimoja, hazitetemeki kwa mwendo uleule kamili.

Tufanye hesabu. Tuseme kinasa sauti huchukua sampuli 44,100 kwa sekunde na kadi ya sauti ya kompyuta huchukua 44,102. Tofauti ni sampuli mbili tu, na katika wimbo wa dakika tatu haitambuliki kwa urahisi. Katika dakika 40, yaani sekunde 2,400, tofauti hiyo hufikia sampuli 4,800, ambazo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa mwendo wa ngoma hicho ni kipindi kirefu.

Tiba yake ni chombo kimoja kutoa mpigo wa sampuli kwa kebo maalumu, au kupitia kebo ya sauti ya dijitali, na chombo cha pili kuacha fuwele yake na kufuata mpigo huo. Katika menyu za vyombo hivi, mahali hapo huchaguliwa chanzo: cha ndani au cha nje. Chombo kinachoongoza hubaki kwenye chanzo cha ndani. Kinachofuata huwekwa kwenye cha nje. Vyote viwili vikiachwa kwenye chanzo cha ndani, vitaachana polepole. Vyote viwili vikiwekwa kwenye chanzo cha nje, hakuna anayeongoza.

Swali moja hujitokeza hapa: mbona programu nyingi za zamani zilitosheka na msimbo wa muda pekee? Jibu ni kwamba zilikuwa na maagizo tu. Agizo la kupiga noti linaweza kuwahishwa au kucheleweshwa kidogo bila sauti kuharibika, kwa hiyo programu ilijirekebisha kila ilipopokea anwani mpya. Sauti iliyorekodiwa ndani ya kompyuta haina unyumbufu huo. Mwendo wake hutawaliwa na kadi ya sauti, na kadi ya sauti haisomi msimbo wa muda isipokuwa imetengenezwa kufanya hivyo. Matini inayohusu programu ya maagizo na matini inayohusu programu ya sauti zinaweza kufanana neno kwa neno, lakini zikadai hatua tofauti.

Vitenzi tulivyonavyo

Sasa tugeukie lugha. Kitenzi kinachotumika zaidi leo ni kusawazisha. Simu zetu zimetuzoesha nacho: sawazisha anwani, sawazisha picha, sawazisha kalenda. Mzizi wake ni sawa, na kiambishi cha kutendesha hutupa maana ya kufanya vitu viwe sawa. Tendo la kusawazisha lina mwisho. Ukishasawazisha ardhi, imekuwa tambarare. Ukishasawazisha kalenda, zimelingana, na unaweza kuondoka. Ndiyo maana mwanafunzi wetu aliweka saa nne na dakika kumi katika vyombo vyote viwili na kuamini kwamba amemaliza. Kitenzi kilimwambia hivyo.

Kulandanisha kinatokana na landa, yaani fanana au shabihi. Kiambishi -an- kinaleta maana ya kutendana, na -ish- inaleta maana ya kutendesha: kufanya vitu viwili vifanane. Ni kitenzi kizuri kwa majedwali, matini mbili zinazowekwa ubavuni, au mipangilio ya menyu. Udhaifu wake katika uwanja huu ni ule usawa wa kutendana: hakuna anayeongoza. Kuoanisha kina hali hiyohiyo, nacho kinaelekea zaidi kwenye ulinganifu wa vitu visivyofanana, kama maneno na lahani.

Kinachotokea kati ya kinasa sauti na kompyuta hakifanani na tendo lenye mwisho, wala hakina usawa. Ni hali inayoendelea kwa muda wote wa safari, na daima kuna mmoja anayetangulia. Kiswahili kina neno la hali hiyo: sanjari. Kielezi hiki hutaja kufuatana na kuandamana, na kimetumika kwa vyombo vya baharini vinavyosafiri kwa kuongozana. Chombo kilicho nyuma kikipunguza tanga au kuongeza, hufanya hivyo kwa kutazama kilicho mbele, na hufanya hivyo hadi bandarini. Katika magazeti ya leo sanjari na imekaribia kumaanisha “pamoja na” tu, lakini maana ya mwendo haijafa, na fani hii inaweza kuihuisha.

Hatupendekezi kutumia sambamba kwa maana hii. Hisabati na umeme vimekwisha kulichukua kwa mistari isiyokutana na kwa miunganisho ya nyaya, na istilahi ikibeba kazi mbili katika nyanja jirani huzaa utata.

Kiongozi na mfuasi

Matini nyingi za zamani za fani hii zilikiita chombo kinachotangulia kwa jina la bwana, na kinachofuata kwa jina la mtumwa. Wafasiri kadhaa wamehamisha maneno hayo kama yalivyo. Katika lugha iliyokulia Zanzibar, Bagamoyo na Kilwa, maneno hayo hayawezi kuwa sitiari tupu. Yana makaburi na koo nyuma yake. Isitoshe, hayaelezi kazi ifanyikayo. Mfuasi katika mfumo huu hapokei adhabu wala hamilikiwi. Husikiliza na kufuata. Kiongozi na mfuasi ni maneno sahihi zaidi kwa maana na yanakubaliana na kitenzi fuata, ambacho ndicho kitenzi cha kazi yenyewe. Watengenezaji wengi nao wameanza kuyaacha majina ya zamani.

Mfasiri akumbuke pia kwamba chombo kimoja kinaweza kuwa kiongozi wa mwendo na wakati huohuo mfuasi wa amri. Kompyuta inaweza kuamuru “anza” huku ikifuata mpigo wa sampuli wa kinasa sauti. Kwa hiyo sentensi “kinasa sauti ni kiongozi” haijakamilika. Lazima isemwe ni kiongozi wa nini.

Mitego minne ya tafsiri

Mtego wa kwanza ni neno saa. Kwetu neno hili hutaja kifaa, kipindi cha dakika 60, na wakati wa siku. Likisimama peke yake katika mwongozo wa kurekodi, msomaji huelewa kifaa cha kujua wakati. Lipewe kivumishi au kijalizo kila linapotumika.

Mtego wa pili ni kusoma msimbo wa muda kama wakati wa siku. Studio nyingi huanzisha kazi kwenye 01:00:00:00 ili pawe na nafasi ya kurudi nyuma kabla ya mwanzo. Nimeona tafsiri iliyoandika “saa saba usiku”. Tarakimu hizo ni hesabu ya muda uliopita, hivyo hazipaswi kugeuzwa kwa mfumo wetu wa kuhesabu saa.

Mtego wa tatu ni neno. Katika sauti ya dijitali, “neno” ni fungu la tarakimu zinazounda sampuli moja. Tafsiri sisisi ya jina la kebo ya mpigo hutupa “saa ya neno”, ambayo mwanafunzi wa isimu ataielewa vibaya na fundi hataielewa kabisa. Saa ya sampuli au mpigo wa sampuli husema kinachofanyika.

Mtego wa nne ni “fremu zilizoangushwa”. Televisheni ya rangi ya Marekani haikwenda kwa fremu 30 kamili kwa sekunde, bali karibu 29.97. Anayehesabu kwa 30 hubaki nyuma ya saa ya ukutani kwa fremu 108, yaani sekunde 3.6, kila baada ya saa moja. Ili kurekebisha, hesabu huruka namba 00 na 01 mwanzoni mwa kila dakika, isipokuwa dakika zinazogawanyika kwa 10. Hakuna picha wala sauti inayoangushwa. Kinachorukwa ni namba. Tunapendekeza hesabu ya kuruka namba.

Istilahi zinazopendekezwa

amri ya uendeshaji nm [i-/zi-] ujumbe unaokitaka chombo kianze, kisimame, kirekodi au kirudi. Mf. Kompyuta hutuma amri ya uendeshaji, kinasa sauti huanza.

msimbo wa muda nm [u-/i-] anwani ya mahali katika rekodi kwa saa, dakika, sekunde na fremu. Mf. Programu inafuata msimbo wa muda unaotoka kwenye kinasa sauti.

mapigo ya tempo nm [ya-] ishara za MIDI zinazohesabu muziki, 24 kwa kila noti ya robo. Mf. Tempo ikibadilika, mapigo ya tempo nayo hubadilika.

saa ya sampuli nm [i-/zi-] chanzo cha mpigo unaoamua lini kila sampuli ichukuliwe. Mf. Weka saa ya sampuli ya kompyuta kwenye chanzo cha nje.

kwenda sanjari kt (kwa vyombo viwili au zaidi) kudumu katika mahali na mwendo mmoja, kimoja kikiongoza. Mf. Vyombo vilikwenda sanjari kwa dakika 40.

kuachana polepole kt (kwa vyombo vilivyoanza pamoja) kupishana kidogokidogo kwa sababu ya tofauti ya mwendo. Mf. Vyombo viliachana polepole kwa kuwa kila kimoja kilifuata fuwele yake.

Kitenzi kusawazisha hakifukuzwi. Kibaki kwa majalada, anwani na kalenda, ambako kazi huisha ikishafanyika.

Sentensi ile iliyoandikwa upya

Leo ningeirudisha sentensi ile kwa mfasiri na kumuuliza, kwa kila mahali ilipotokea, inajibu swali lipi kati ya matatu. Matokeo yangekuwa sentensi tatu badala ya moja iliyojirudia:

Ruhusu kinasa sauti kipokee amri za uendeshaji kutoka kwenye kompyuta.

Weka programu ifuate msimbo wa muda wa kinasa sauti, na uhakikishe kwamba vyombo vyote viwili vimewekwa kwenye fremu 25 kwa sekunde.

Fanya kinasa sauti kuwa kiongozi wa mwendo: saa yake ya sampuli iwe ya chanzo cha ndani, na ya kompyuta iwe ya chanzo cha nje.

Rekodi ya mghani haikupotea. Fundi wa studio aliikata ubeti kwa ubeti na kusogeza kila kipande mahali pake, kazi iliyomchukua siku mbili. Alipomaliza alinipa mwongozo niliokuwa nimeurudisha, ukiwa na mistari mitatu myekundu chini ya sentensi ileile, akaniuliza: “Daktari, hii saa ni ipi?” Sikuwa na jibu siku ile. Mfasiri wa matini za kiufundi ajiulize swali hilo kabla ya fundi hajamuuliza.